Bunduki Isiyo na Amri

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za vita, mwanangu, ni siku ambayo adui hakuwepo. Alikuwa mbali huko kaskazini, na mizinga yake hatukuisikia. Tulikuwa wenyewe kwa wenyewe, katika uwanja wa shule moja ya Biharamulo, upande wa Nyamahanga, na niliogopa siku ile kama ambavyo sijaogopa tena mpaka leo nina mvi.

Jana ulipokuja kunionyesha wito wako wa jeshi, mama yako alifurahi, akachinja kuku. Mimi nilinyamaza, nawe ukadhani sikupendezwa. Nimependezwa sana. Nilikuwa natafuta tu pa kuanzia, kwa sababu jambo hili sijawahi kulisimulia hapa nyumbani, hata kwa marehemu bibi yako, mama yangu mzazi.

Vita vilipoanza nilikuwa kijana wa Bukiriro, nimeshaoa, nina shamba la migomba kwenye kijiji cha ujamaa tulichohamishiwa. Ukaja mwito: kila kijiji kitoe vijana wa mgambo. Nilikwenda pamoja na Deogratias, mtoto wa shangazi yangu wa Ntobeye. Deo unamsikia akitajwa hapa kwenye misa za marehemu, na umewahi kuniuliza alikufa vipi. Ngoja, tutafika.

Deo alikuwa na ulimi. Alisoma kwa mapadri mpaka wakamshindwa kwa maswali yake, akarudi nyumbani, akawa mtu wa kusemea wenzake. Kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti akimwona Deo anasimama, alikuwa anavua kofia na kujipepea. Nilimpenda. Tulikua pamoja, tukachunga pamoja, na tulipopanda lori la kwenda Biharamulo tulikaa bega kwa bega.

Kambi yetu ilikuwa shule. Wanafunzi walikuwa wamerudishwa makwao, sisi tukalala madarasani. Tulikuwa Wahangaza kutoka Ngara, Wasubi wenyeji wa pale, na Wasukuma waliokuwa wamehamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na Mwanza. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Tulifundishwa kwa bunduki za mbao kwanza, kisha zikaja za kweli. Mkubwa wetu alikuwa luteni mmoja kijana, labda alituzidi umri kidogo tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kukosea, na hofu yake aliificha kwa kupayuka.

Chini ya luteni alikuwepo mkufunzi tuliyemwita Afande Kagoma, ingawa hakuwa na cheo chochote. Alikuwa Msubi wa pale pale, mkulima wa makamo. Inasemekana alikuwa askari zamani, wakati nchi inapata uhuru, kisha akaacha. Kwa nini aliacha, hakuna aliyejua. Wilaya ilipotafuta watu wanaoijua bunduki ndipo alipoitwa. Alitufundisha bila kelele. Ukikosea alikusogelea, akakushika kiwiko, akakirekebisha, akaenda zake.

Sasa, katika Wasukuma wale alikuwepo mmoja anaitwa Masanja. Mrefu, mcheshi, kila asubuhi alipita madarasa yote akitusalimia "mwangaluka" kwa sauti ya kuamshia ng'ombe. Mwanzoni alituudhi. Baadaye asubuhi isiyo na Masanja haikuwa asubuhi.

Maji tuliyokuwa tunakunywa yalitoka bwawani. Watu wakaanza kuhara. Wengi tulipona, Masanja hakupona. Mwili wake ulinyauka, macho yakaingia ndani. Hospitali ya misheni haikuwa karibu, lakini lori lilikuwepo, limeegeshwa pembeni ya jiko. Afande Kagoma alikwenda kwa luteni kuomba lori limpeleke mgonjwa. Luteni akasema amepewa amri kwa redio ya upepo kwamba lori lisitoke, linasubiri mzigo wa kwenda mstari wa mbele. Kagoma akarudi mara ya pili, akajibiwa hivyo hivyo, kwa ukali zaidi. Sisi tukasema tumbebe kwa machela, tukaambiwa hakuna kutoka kambini bila kibali.

Masanja alikufa alfajiri, nje ya darasa la kwanza, kichwa chake kwenye paja la Kagoma. Lori bado lilikuwa pale pale. Na nikuambie sasa ili usije ukanilaumu kwamba nimekuficha: mzigo ule haukufika siku ile, wala kesho yake.

Asubuhi hiyo hiyo tulikuwa na zoezi la shabaha, na luteni hakuliahirisha. Labda alidhani kazi itatusahaulisha. Kagoma alibaki kuuandaa mwili pamoja na wazee wa kijiji, sisi tukapelekwa bondeni na koplo mmoja, tukagawiwa risasi. Hakuna aliyelenga shabaha. Tulikaa chini kwenye nyasi zenye umande, kila mtu na bunduki magotini. Kisha Deo akasimama.

Sitakurudishia yote aliyosema. Alizungumza polepole, bila matusi. Alisema tuliitwa kuilinda nchi, na Masanja alikuwa nchi. Alisema lori la chuma limehesabiwa kuwa na thamani kuliko mtu. Alisema hatutarudisha bunduki mpaka luteni atoke mbele yetu aeleze. Hakuna neno hata moja katika hayo ambalo lilikuwa uongo, mwanangu, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Ningeweza kukusimulia habari ya watu wabaya walioasi mkubwa mwema, ungeelewa haraka na ungesahau haraka. Haikuwa hivyo. Tulikuwa na haki, na tulikuwa na risasi.

Koplo alijaribu kusema kitu. Mtu mmoja akamnyang'anya bunduki, mwingine akamsukuma akaanguka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwenye cheo akiguswa. Nakumbuka tulivyomtazama pale chini. Ni kama ukuta fulani uliokuwa unatuzuia wote ulikuwa umepigwa teke, tukaona kumbe ulikuwa wa matete.

Tukapanda kurudi shuleni. Kina mama waliokuwa wakituletea maziwa walituona tunakuja bila mstari wala wimbo. Hawakuuliza kitu. Waliweka vibuyu chini, wakaondoka, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kukimbia. Mpaka leo vile vibuyu vilivyoachwa njiani navitazama akilini, kwa sababu wale mama walituelewa kabla sisi hatujajielewa.

Luteni alijifungia katika ofisi ya mwalimu mkuu pamoja na askari wa redio. Tukaizunguka. Deo akanipanga dirishani, akaniambia nielekeze bunduki ndani. Kupitia pengo la mbao nilimwona luteni amekaa sakafuni nyuma ya meza, bastola mkononi, jasho linamtiririka. Alikuwa kijana kama mimi. Midomo yake ilikuwa inacheza, sijui ni sala au ni laana.

Deo akamwita atoke. Hakutoka. Akamwita tena. Muda ukapita, jua likapanda, na hapo mambo yakaanza kuharibika kwa namna ambayo Deo hakuitegemea. Alidhani tumemfuata yeye. Kumbe kila mtu alikuwa amefuata la kwake. Wapo waliotaka luteni aeleze. Wapo waliosema apigwe risasi basi, ashatusikia. Wapo waliosema huu ndio wakati wa kurudi nyumbani, wakaanza kufunga mablanketi. Kundi lingine lilivunja stoo, nikawaona watu wanakula sukari kwa viganja, huku Masanja bado hajazikwa. Msukuma mmoja akasema Wahangaza wanamtumia ndugu yake aliyekufa kwa mambo yao. Mhangaza mmoja akamjibu. Mara wakawa wanaelekezeana bunduki, watu waliokuwa wanakula sahani moja, na Deo anakimbia huku na huku akisema tulieni, tulieni, na hakuna aliyemsikia. Sauti ile iliyotuinua asubuhi bondeni ilikuwa haiwezi tena kumkalisha chini hata mtu mmoja.

Nilimwogopa luteni na bastola yake, ndiyo, lakini zaidi niliwaogopa walio mgongoni kwangu. Niliwajua kwa majina. Nilijua nani ana mtoto mchanga, nani anakoroma. Na sikujua hata mmoja wao atafanya nini dakika inayofuata.

Hapo akaja Afande Kagoma. Alitoka upande wa makaburi, mikono imejaa udongo mpaka viwiko, maana walikuwa wameanza kuchimba. Hakuwa na silaha. Alipita katikati yetu bila kumgusa mtu, akafika mlangoni pa ofisi, akageuka, akakaa kwenye kizingiti, mgongo wake kwenye mlango. Akawa anafuta udongo kwa jani. Watu wakanyamaza kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma.

Akasema, "Mmewahi kuniuliza kwa nini niliacha jeshi. Sikuacha. Tulivunjwa."

Akatueleza, kwa sauti ya kawaida, hata walio nyuma ikabidi wasogee. Alikuwa askari kijana Dar es Salaam, uhuru ukiwa bado mbichi. Jeshi lilikuwa lile lile la mkoloni, maofisa wazungu vile vile, na askari wakataka ujira wa kutosha na wakubwa wa rangi yao. Yalikuwa madai ya haki, alisema, kama haya yenu. Wakawafungia maofisa, wakaingia mjini na bunduki. Mpaka hapo walidhani wanazungumza na serikali. Kisha maduka yakaanza kuvunjwa. Watu wakafa. Yeye mwenyewe alisimama kwenye mtaa mmoja akaona mtu anapigwa mpaka analala, akageuka kutafuta wa kumwuliza amzuie au asimzuie, akakuta hakuna wa kuuliza. Mkubwa hakuwepo. Waliokuwepo walikuwa watu na bunduki tu.

"Na mwisho wake mnaujua?" alisema. "Serikali yetu ikalazimika kuwaita askari wa yule yule mkoloni tuliyekuwa tumemuaga juzi. Wakaja kwa helikopta kutoka baharini. Wenzangu wengine walikufa pale pale kambini, wengine walikimbilia porini na nguo za ndani. Sisi tuliotaka wazungu waondoke ndio tuliowarudisha."

Alikuwa bado anazungumza bunduki ilipolia.

Mwanangu, sijui nikuelezeje mlio ule. Nilishasikia milio mingi bondeni, na baadaye mstari wa mbele nilisikia ya kuvunja masikio. Ule ulikuwa mmoja tu, lakini ulituingia sote mwilini. Risasi iligonga fremu ya mlango juu kidogo ya bega la Kagoma, vibanzi vikamwangukia shingoni. Aliyefyatua alikuwa kijana mmoja anaitwa Petro, mpole, mkimya kuliko sisi wote. Hakukusudia. Kidole kilimtoroka. Alibaki ameduwaa, bunduki yake ikielekea bado mlangoni, na wanaoijua bunduki wanaelewa kwamba baada ya risasi ya kwanza huja nyingine, na nyingine, wala hakuna anayekumbuka nani alianza. Nilisikia ndani luteni akiivuta bastola yake tayari. Nilisikia nyuma yangu bunduki nyingi zikikokiwa kwa pamoja.

Kagoma hakulala chini. Aliinua uso, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza:

"Nani ametoa amri ya kupiga?"

Hakuna aliyejibu. Akamgeukia Deo. "Ni wewe?"

Deo akatikisa kichwa.

"Basi hakuna aliyetoa," alisema Kagoma. "Na ya pili nayo haitakuwa na mwenyewe. Wala ya tatu. Sasa mmejua mlipo."

Petro akaanza kulia, akaiweka bunduki chini kama mtu anayelaza mtoto. Mimi nikafuata. Sitajisifu kwamba ulikuwa ujasiri, ulikuwa ni mkono kuchoka kwa woga. Kagoma akasema kila mtu atoe risasi, aweke bunduki katikati ya uwanja, arudi akakae mbali nazo. Akapiga mlango kwa kifundo, akamwambia luteni aweke bastola mezani, kuna mtu wa kuzika.

Deo peke yake hakuweka. Alinijia, macho mekundu, akaniambia kwa Kihangaza twende. Nikamwuliza wapi. Akasema popote, hapa tayari tumekwisha, watatupiga wote. Nikamwambia aweke bunduki akae nami. Akageuka, akaingia kwenye migomba na bunduki yake begani. Sikumfuata, wala sikumwita tena. Nilisikia majani yakimpisha, mpaka nikawa siyasikii tena.

Mchana malori yakaja. Askari wa redio alikuwa amefikisha taarifa zamani. Wakaruka chini askari wa kweli, waliokomaa, wakatuzunguka vidole kwenye vifyatulio. Wakatukuta tumekaa kwenye mistari, mikono kichwani, bunduki zimelala uwanjani bila risasi. Kapteni wao alizunguka bunduki zile polepole, akazitazama, akatutazama. Ninaamini kabisa kwamba zingekuwa mikononi mwetu, nisingekuwa hapa nikikusimulia, nawe usingezaliwa.

Luteni akatoka. Walizungumza na kapteni mbali kidogo, nasi tukawa tunatazama midomo yao kama watu wanaosoma hukumu yao kwa lugha wasiyoijua. Luteni alinyoosha mkono akaonyesha lori. Kisha akaonyesha makaburini. Kisha akavua kofia, akajifuta uso. Sijui alisema nini. Najua tu kwamba jambo la kwanza lililofuata ni amri ya kumzika Masanja, na luteni mwenyewe alishika koleo.

Baada ya mazishi kapteni akauliza kiongozi ni nani. Kagoma akasimama kabla mtu yeyote hajavuta pumzi. Akasema mkubwa kwa umri hapa ni yeye, na la vijana hawa aulizwe yeye. Wakampandisha lorini. Hatukumwona tena mpaka vita vilipokwisha, alipoachiwa akarudi shambani kwake, amekonda, na meno ya mbele hana. Nilikwenda kumwona, nikambebea rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukanywa, tukazungumza habari za mvua. Nilitaka kumshukuru, nikashindwa kupata mlango wa kuingilia. Nilipoaga akanishika kiwiko, vile vile kama zamani, akakirekebisha kidogo, akaniacha niende.

Deo hakurudi. Askari walikuja Ntobeye kumtafuta, wakapekua nyumba ya shangazi, wakachoma visu kwenye magunia ya maharage. Shangazi akaacha kwenda sokoni, kwa sababu kila alipofika mazungumzo yalikatika. Baada ya muda wavuvi wakaikuta bunduki kando ya mto Ruvubu, imeegemezwa kwenye mti vizuri, risasi zote zimo. Mwenyewe hakuonekana, si maiti, si mtu. Wapo wanaosema alivuka akafia Burundi. Wapo wanaosema mto ulimchukua. Shangazi alikufa bila kujua amlilie au amsubiri. Ndiyo maana ulipouliza alikufa vipi sikukujibu.

Sisi wengine tulipelekwa mstari wa mbele, na huko niliona mengi. Lakini huko, mwanangu, risasi zilitoka upande mmoja, na nilijua mgongoni kwangu yuko nani. Usingizi wangu haukusumbuliwa na huko. Unasumbuliwa na ule uwanja wa shule.

Sasa sikiliza ninachotaka ubebe. Huko uendako utaona dhuluma, maana jeshi ni watu. Utaona lori limesimama na mtu anakufa. Usije ukajifanya hukuona, kwa sababu watu wakinyamaza kila siku, ipo siku watasema kwa mtutu. Sema mapema, sema kwa mkubwa wako, akikataa sema kwa mkubwa wake, na upokee adhabu ukipewa. Lakini sema bunduki ikiwa ghalani. Ukishaishika ukadai nayo haki, haki yako yenyewe itaanza kukuogopa, itakimbia kama wale mama wa maziwa.

Na ikitokea wenzako wamezishika, usihesabu kwanza nani ana haki. Uliza kama Kagoma: nani ametoa amri? Usiposikia jibu, toa risasi, weka chini, kaa. Wakikuita mwoga, kubali jina hilo, mimi nimeishi nalo vizuri.

Na kama siku moja Mungu atakupa nyota begani, nawe ukaambiwa lori lisitoke, inua hiyo redio uulize tena. Uliza mpaka wachoke nawe. Yule luteni aliniambia mwenyewe, njiani kwenda mbele, kwamba hakuuliza hata mara moja. Aliogopa kuonekana hajui kazi.

Sogea hapa, nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zangu akupe mkubwa mwenye masikio na wenzako wenye utulivu. Akulinde na risasi ya adui, akulinde zaidi na ile isiyo na mwenyewe. Akurudishe kwa miguu yako mwenyewe hapa Bukiriro, mama yako akuone akiwa bado na macho. Nenda, baba. Mimi leo nimeutua mzigo niliokuwa nao.